Waliochora Njia za Mbio

Hapa Shinyanga ukizungumzia mbio za magari na watu wa rika langu, majina yatakuja haraka. Joginder Singh. Shekhar Mehta. Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1966 na kurudia 1967 kwa Peugeot 404, kando yake Chris Rothwell akimsomea njia. Uliza sasa ni nani aliyeichora njia yenyewe, na mazungumzo yatakatika. Mimi ni mpima, nimestaafu, na miaka yangu mingi ya kazi imeishia kwenye barabara za migodi ya Geita. Jambo hili linaniuma. Dereva anashinda kwenye njia ambayo mtu mwingine ameiwaza kabla yake, akaipima, akaikanyaga kwa miguu.

Kwa Afrika Mashariki wa kutajwa kwanza ni Eric Cecil wa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mbio za magari huko zilifanyika Langa Langa, karibu na Gilgil, kwenye barabara za iliyokuwa kambi ya jeshi. Inasimuliwa kwamba Cecil alimwalika binamu yake, Neil Vincent, aje kushindana, na Vincent akakataa. Kuzunguka mahali pamoja kutwa nzima kulimchosha hata kabla hajaanza. Lakini yakiandaliwa mashindano ya kukata nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi, hayo angeyaingia. Cecil hakulichukulia hilo kama mzaha. Kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953 ikafanyika Coronation Safari ya kwanza, ndiyo mwanzo wa Safari Rally, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yaliandikishwa magari 57, yakagawanywa kwa madaraja kufuata bei yake dukani, na hakukuwa na mshindi mmoja wa jumla.

 

Cecil na wenzake hawakuwa na katapila wala fedha za kujenga. Barabara walizikuta: za serikali, za mashamba, za misheni. Kazi yao ilikuwa kuamua ipi ifuate ipi, gari lipewe dakika ngapi toka kituo hadi kituo, na mashindano yaangukie majira gani. Hili la majira ndilo lililoipa Safari sifa yake, maana kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena. Madereva wale wamesifiwa sana, na wanastahili. Mimi namsifu pia aliyekaa na ramani na saa, akatafuta ule muda mfupi unaomlazimu mtu kukimbia bila kuifanya kazi iwe haiwezekani. Ukizidisha dakika kumi, mashindano yanakuwa matembezi. Ukipunguza kumi, unaua watu.

Kwingine kazi hii ina ofisi na wahandisi. Mjerumani Hermann Tilke amechora Sepang ya Malaysia, iliyofunguliwa 1999, Sakhir ya Bahrain iliyoanza mbio za Formula One mwaka 2004, na Yas Marina ya Abu Dhabi, 2009. Kokoto za lami ya Yas Marina zilisafirishwa kwa meli kutoka machimbo ya Bayston Hill, Uingereza, kwa sababu jiwe la pale linashika tairi vizuri. Mtu wa namna hiyo anaiagiza ardhi anayoitaka. Mchoraji wa huku kwetu hupewa ardhi kama ilivyo, naye aisome.

Na ya kusoma ipo tele. Shuka mwinuko wowote wa Usukuma kwa miguu. Juu kuna majabali ya matale, na chini yake luseni, mchanga mwepesi ambao kiangazi unameza tairi, ila ukipata mvua kidogo unashikana na gari linakwenda vizuri. Ukishuka zaidi unakanyaga udongo wa itogolo, kisha ibambasi, tabaka gumu ambalo jembe linaligonga na kuruka. Maji hayazami hapo. Yanakaa juu, na gari likifunga breki linateleza kwa ubavu. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi. Mwezi wa tisa unapasuka nyufa ambazo mkono wako unaingia. Mwezi wa tatu unajaa chini ya madigadi mpaka gurudumu haligeuki tena, nanyi mnabaki kuuchokoa kwa fimbo. Mtaalamu wa udongo George Milne, aliyefanya kazi Amani, Tanga, aliandika miaka ya 1930 juu ya mfuatano wa namna hii toka kilima hadi bonde, na ukaingia kwenye elimu ya udongo duniani. Wakulima wetu walikuwa wakipanda mahindi, mtama na mpunga, kila zao kwenye udongo wake, tangu zamani. Kwa mchoraji wa njia maana yake ni moja: kaa juu kwenye luseni kadiri uwezavyo, na ukilazimika kuvuka mbuga, ivuke pale ilipo nyembamba, kwa mstari ulionyooka. Uwanda tambarare unaovutia kwenye ramani ndio utakaokulaza njiani.

Kujenga njia ya mwendo tangu mwanzo, kwetu kuliletwa na mashimo ya wazi ya migodi. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966, huu wa sasa ukaanza kuzalisha mwaka 2000, na Buzwagi, Kahama, ikafuata 2009. Barabara ya dampa ina sheria zake: mteremko usizidi sana mita moja kwa kila mita kumi, tuta la usalama lifike angalau nusu ya kimo cha tairi, kona iinuliwe upande wa nje, boza la maji lipite mara kwa mara kutuliza vumbi. Mzee aliyenifundisha, mwenyeji wa Nyang'hwale, alinizuia nisifungue kifaa tulipofika kwenye kona. "Kaa, mwanangu. Yapite madampa matatu kwanza, utazame yanapokanyaga." Kama alama za matairi zinahama zikielekea kwenye tuta, kona hairuhusu mwendo ule, hata kama hesabu ya karatasini inakubali. Sidhani kama fundi wa viwanja vya magari vya Ulaya angempinga.

Siku hizi nikiitwa, naitwa kuchora njia ya baiskeli. Shinyanga ni mji wa baiskeli, hata za kubeba abiria tunaziita daladala, na siku ya mbio barabara inajaa watu toka asubuhi. Napiga mishale ya chokaa hatua thelathini kabla ya njia panda, kwa sababu mwendeshaji akichoka anainamisha kichwa na mshale wa penye kona anauona ameshapita. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kilomita tatu juu ya maji, inawezekana kutoka Mwanza kupitia Shinyanga, Kahama, Geita na Sengerema hadi Mwanza tena bila kusubiri kivuko. Mzunguko huo unamngoja mtu wa kuuchora, kwa baiskeli au kwa magari.

Atakayeuchora atahitaji kumbukumbu za waliomtangulia, na nyingi zimo kwenye masanduku ya nguo, zinaliwa na mchwa. Kama kwenu kuna kitabu cha njia cha mashindano ya zamani, ya magari, pikipiki au baiskeli, msikiwashie moto. Waulizeni wazee ni nani aliyepima, andikeni jina lake na mwaka kwenye jalada, kisha kipelekeni Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, au maktaba ya mkoa iliyo karibu nanyi.