Saratani ya ovari: Breki za seli zinapokatika

SI rahisi kwa mwanamke wa Rungwa, kijiji kilichopo kando ya barabara ya Itigi hadi Mbeya, mkoani Singida, kudhani kuwa tumbo kujaa, kushiba upesi na haja ndogo ya mara kwa mara ni dalili za saratani ya ovari, yaani viungo viwili vinavyotunza mayai ya uzazi. Wengi hudhani ni minyoo au vidonda vya tumbo. Hata katika nchi tajiri, wagonjwa wengi hugundulika ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Chanzo kiko ndani ya seli. Kila seli inayokua hunakili vinasaba vyake, kisha hugawanyika kuwa mbili. Hatua hizo huendeshwa na vimeng'enya viitwavyo CDK, ambavyo havianzi kazi mpaka viungane na protini aina ya saiklini. Leland Hartwell wa Marekani na Waingereza Tim Hunt na Paul Nurse, waliofumbua siri hiyo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001. Hunt, kwa bahati, aliiona saiklini katika mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miiba.

Vinasaba vikiharibika, protini ya p53 huamuru kutengenezwa kwa kizuizi kinachozifunga CDK, ili seli isimame ikarabatiwe au ife. Katika aina kali ya saratani ya ovari, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi, p53 huwa imeharibika kwa karibu wagonjwa wote. Baadhi yao huwa pia na saiklini E kupita kiasi: breki zimekatika, na mguu ungali kwenye mafuta.

Tiba ya msingi ni upasuaji pamoja na dawa za carboplatin, inayovuruga vinasaba vya seli, na paclitaxel, inayoikwamisha seli ikigawanyika. Mwaka 2014 Marekani na Ulaya ziliidhinisha olaparib, inayozuia PARP, kimeng'enya kinachokarabati vinasaba. Seli ya saratani yenye hitilafu katika jeni za BRCA hukosa fundi wa pili, ikafa.

Nchini, tiba ya saratani hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1996, na katika hospitali za Bugando na KCMC. Ikumbukwe kuwa uchunguzi wa mlango wa kizazi haugundui saratani ya ovari. Mwenye dalili zilizodumu kwa wiki kadhaa anapaswa kuomba kipimo cha ultrasound.