Sokoni, Ku Soko

Mwaka 1858, wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliposafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira wakipitia Ubwari, wafanyabiashara wa pembe na watumwa walikuwa wamekwisha kulizoea Ziwa Tanganyika. Kiswahili kilivuka pamoja nao.

Ng'ambo ya magharibi, huko Fizi na Baraka, katika nchi ya Wabembe nchini Kongo, maneno yaliacha mkia wa -ni. Mtu haendi sokoni, anaenda ku soko. Badala ya "yumo nyumbani" husikika "iko mu nyumba".

Wapo wanaouita usemi huu kosa, nao wanakidhulumu Kiswahili cha Kongo. Ku na mu ni viambishi vya kale vya Kibantu; pwani yenyewe ingali na alama zake katika "sokoni kwao" na "nyumbani mwake". Tuwasikilize watu wa Fizi kabla ya kuwasahihisha.