Ahadi ya Harlem na Kazi Iliyoifuata

Habari tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu yatoka mbali, katika mji wa New York huko Marekani. Lakini walimu na wazazi hawatakosa kuitambua.

Mji ule ulianza zamani kuwafikiri watoto wa maskini. Mwaka 1847 wenyeji walipiga kura, wakakubali kianzishwe chuo kisichotoza ada, na desturi hiyo ikadumu zaidi ya miaka mia. Hata mwaka 1976, mji ulipoelemewa na madeni, vyuo vyake vikaanza kutoza.

Miaka mitano baadaye, mwezi wa Juni 1981, tajiri mmoja mfanyi biashara, jina lake Eugene Lang, alialikwa kusema na watoto wa darasa la sita waliokuwa wakiagwa katika shule ya serikali nambari 121, mtaa wa East Harlem. Yeye mwenyewe alisoma shule ile ile miaka hamsini nyuma. Alikusudia kuwaambia yale ambayo wageni huwaambia watoto siku kama hiyo: fanyeni bidii, mtafanikiwa. Kabla hajasimama, mwalimu mkuu alimwambia ya kuwa yamkini robo tatu ya watoto wale hawatamaliza hata sekondari. Lang akaona maneno yake hayana maana. Akayaacha, akawaahidi wote sitini na mmoja kwamba atakayemaliza sekondari na kukubaliwa chuoni, ada yake atailipa yeye.

Watu wengi husimulia mpaka hapo, wakanyamaza. Nasi twaona kwamba ahadi ile ndiyo iliyokuwa sehemu nyepesi. Mtoto wa miaka kumi na miwili ana miaka sita mbele yake kabla ya kuigusa fedha hiyo, na katika miaka hiyo mna mengi: kodi ya nyumba iliyochelewa, ndugu wadogo wa kulelewa, kibarua kiletacho mshahara leo. Tena wazazi wengi wa mtaa ule asili yao ni Puerto Rico, wakisema Kispania. Waliwapenda watoto wao. Walakini katika nyumba nyingi hapakuwa na mtu aliyepata kukaa katika darasa la chuo, aweze kusema, somo hili lichague, barua ile ijibu kabla ya mwezi kwisha. Hilo si kosa la mzazi, wala yeyote asimlaumu.

Lang alilitambua jambo hili upesi, labda kwa ajili ya yaliyompata mwenyewe. Alipokuwa kijana akitumika katika mkahawa, mtu mmoja aliyezoea kula pale alimwelekeza kwenye chuo cha Swarthmore, akamsaidia apate msaada wa masomo. Basi akamwajiri kijana aliyeujua mtaa ule, awafuate watoto, aseme na jamaa zao na walimu wao. Na yeye mwenyewe akawafungulia mlango wa ofisi yake waje na shida zao. Wasimamizi wa kazi ile waeleza kwamba zaidi ya 90 kwa 100 walipata cheti cha sekondari au kilicho sawa nacho, na 60 kwa 100 wakaendelea na masomo ya juu. Mwaka 1986 alianzisha shirika la kuieneza kazi hiyo katika miji mingine, na mwaka 1998 serikali ya Marekani ikaweka kwa sheria mpango wa namna hiyo, uwashikao watoto wasijapita darasa la saba na kuwafuata hata mwisho wa sekondari.

Wako watakaouliza kama nguvu imo katika fedha tu, ama katika mtu wa kuandamana naye. Serikali ya Marekani huwapa wanafunzi maskini msaada wa ada, lakini sharti kwanza ijazwe karatasi ya maswali mengi juu ya mapato ya nyumba, na wengi huikimbia. Mwaka 2008, katika jimbo la Ohio na mji wa Charlotte, wataalamu walifanya jaribio kwa jamaa waliokuja kuandikiwa hesabu zao za kodi. Kundi moja lilisaidiwa papo hapo kuijaza karatasi ile. Jingine likapewa maelezo tu, likaenda zake. Kati ya vijana wa mwisho wa sekondari ambao jamaa zao walisaidiwa, wapata 42 kwa 100 waliingia chuoni, na kati ya wasiosaidiwa 34. Kwa wale waliopewa maelezo tu, haikuonekana nyongeza yoyote.