Arusha na Clairoix: Historia ya Viwanda Viwili vya Matairi

Mwaka 2009 viwanda viwili vya matairi vilivyoihusu kampuni moja, Continental ya Ujerumani, viliingia kaburini. Kimoja ni General Tyre ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1969. Serikali yetu ilimiliki asilimia 74 ya hisa na Continental 26. Cha pili ni cha Clairoix, kaskazini mwa Ufaransa, ambako tarehe 11 Machi wafanyakazi 1,120 walitangaziwa kwamba kiwanda chao kitafungwa.

Soko liliwapiga wote. Kilichowatofautisha, kwa maoni yangu, ni karatasi. Mwaka 2007 wafanyakazi wa Clairoix walikubali kurudi kwenye saa 40 za kazi kwa wiki, nao wakaahidiwa kwa maandishi kwamba ajira zao zingelindwa hadi 2012. Ahadi ilipovunjwa waliandamana, wengine wakavunja samani za ofisi ya serikali mjini Compiègne, na hatimaye wakapata fidia ya ziada ya euro 50,000 kila mmoja. Mwaka 2013 mahakama ya kazi iliamua, katika shauri la wafanyakazi zaidi ya 600, kwamba kuachishwa kwao hakukuwa na sababu halali. Kiwanda hakikufufuka, lakini mwajiri aliwajibishwa.

Je, mfanyakazi wa Arusha angemshitaki nani? Mwenye hisa nyingi ndiye huyohuyo msimamizi wa sheria za kazi. Hata akiba ya uzeeni ilikuwa imetumbukizwa humo: NSSF ilikikopesha kiwanda dola milioni 10 kwa dhamana ya Serikali, na deni hilo likabaki kuwa hoja ya wakaguzi baada ya mashine kunyamaza.

Sisi wa Tingi tusidhani haya ni ya mbali. Dagaa wa Ziwa Nyasa na kahawa ya Mbinga husafirishwa kwa matairi ya kuagizwa nje. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa mwaka 2011 kwa ubia unaofanana na ule wa Arusha: shirika la umma, NDC, pamoja na kampuni ya Australia. Tunapompokea mbia huuliza habari za mrabaha, kodi na barabara. Ni nadra kuuliza habari za siku ya kufunga: nani atawalipa wafanyakazi, kwa fedha ipi, na chombo gani kitamlazimisha? Swali hilo lina nguvu siku ya kutia sahihi tu. Siku ya kufunga, jibu huwa limekwisha kuandikwa, ama halipo kabisa.