Msukumano wa jozi za elektroni

msukumano nm (ngeli ya U-I, wingi: *misukumano*) hali ya vitu viwili au zaidi kusukumana. Kinyume: *mvutano*.

Maana katika kemia. Nomino hii hutokana na *sukumana*, si *sukuma*. *Msukumo* huweza kuwa na upande mmoja tu. *Msukumano* huhitaji pande zinazotendana. Elektroni zote zina chaji hasi, hivyo kila jozi inayoizunguka atomi ya kati huzisukuma nyingine, nazo huisukuma. Jozi hutulia zinapokuwa mbali kadiri iwezekanavyo, na mpangilio huo ndio huamua umbo la molekuli. Ronald Gillespie na Ronald Nyholm waliifafanua nadharia hii mwaka 1957.

Mifano. Katika metani, jozi nne hufunga atomi nne za haidrojeni, na pembe kati yake ni nyuzi 109.5. Amonia nayo ina jozi nne, lakini moja ni *jozi pweke*, yaani isiyofunga atomi nyingine. Jozi pweke husukuma kwa nguvu zaidi, hivyo pembe hupungua hadi nyuzi 107 hivi. Maji yana jozi pweke mbili. Pembe yake ni nyuzi 104.5, na molekuli imepinda.

Mradi wa Handeni Trunk Main huchota maji ya Mto Pangani wilayani Korogwe na kuyapeleka Handeni. Lau molekuli za maji zingenyooka kama za kabonidayoksaidi, ambamo kaboni haina jozi pweke, zisingeshikamana jinsi zinavyoshikamana. Katika joto la kawaida la Korogwe kungekuwa na gesi, si mto.

Matumizi. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali huko Handeni au Korogwe husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha hukutana na mada hii sekondari kwa Kiingereza. Mwalimu anayemfafanulia kwa Kiswahili, au mfasiri wa kitabu chake, aepuke *msukumo wa elektroni*: msomaji aweza kudhani kuwa elektroni zinasukumwa na kitu cha nje, naye akabaki kukariri pembe bila kujua chanzo chake. Kiambishi *-an-* ndicho kinachobeba hoja: hakuna jozi inayosukuma bila kusukumwa.

Linganisha: *msukumo*, *mvutano*, *jozi*, *umbo*.