Ushahidi na Ushuhuda: Kuona na Kuambiwa katika Historia ya Dini Ugogo

Kiswahili kina maneno mawili yaliyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu: ushahidi na ushuhuda. La kwanza limekaa zaidi mahakamani, la pili zaidi kanisani. Mahakama hutofautisha shahidi aliyeona kwa macho yake na ushahidi wa kuambiwa, na huu wa pili huupokea kwa tahadhari. Swali hilohilo limewakabili waumini wa nyanda za kati za Tanzania: je, mtu aweza kusema anamjua Mungu ikiwa yote anayoyajua ameyasikia kwa wengine?

Kabla ya ujio wa wamisheni, swali hilo halikuwa na uzito huo. Katika Ugogo, nchi yenye mvua haba, mtemi ndiye aliyekuwa mlinzi wa mawe ya mvua na mwenye dhamana ya matambiko ya nchi yake. Raia hakuhitaji kupata maono yake binafsi. Alimtegemea mtemi na waganga, na kipimo kilikuwa wazi kwa wote: mvua imenyesha, au haikunyesha.

Mwaka 1878 Church Missionary Society ilianzisha kituo Mpwapwa, kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Pamoja na kituo kikaja kitabu. Mtu alijifunza kusoma, akahifadhi mafundisho, akaulizwa maswali, akabatizwa. Elimu hiyo iliwawezesha wengi kulifikia andiko wenyewe. Lakini iliwezekana pia mtu kuyajibu maswali yote na kubaki kama alivyokuwa.

Udhaifu huo ndio ulioshambuliwa na Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopata nguvu Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930. Miongoni mwa watu wa Uamsho waliofika Dodoma katika miaka ya 1940 alikuwa Festo Kivengere kutoka Kigezi, aliyefundisha katika shule ya sekondari ya Alliance. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kubatizwa na kuwa mwalimu kabla ya kuokoka. Kwa ndugu wa Uamsho, ubatizo na katekisimu havikutosha. Kila mmoja alitakiwa kusimama mbele ya wenzake, aungame dhambi zake na aeleze alivyosamehewa. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kumshuhudia mchungaji, na mke kumshuhudia mumewe. Hapo ndipo mamlaka ya kanisa yalipotikiswa, kwani cheo hakikuwa tena dhamana ya kumjua Mungu.

Hata hivyo, ushuhuda wa mmoja ni habari ya kuambiwa kwa mwingine. Aidha, kwa kurudiwarudiwa, ushuhuda ulipata mpangilio wake: nilikuwa hivi, nikakutana na Yesu, sasa niko hivi. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya waliookoka aliweza kuukariri kama babu yake alivyokariri katekisimu. Kinga ya ndugu ilikuwa kukutana mara kwa mara, kuonyana waziwazi, na kumtaka aliyeiba arudishe alichoiba. Hivyo ushuhuda ulipimwa kwa mwenendo, na jirani akawa shahidi.

Upande mwingine wa hoja hii waonekana kwa Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi mzaliwa wa Ugogo. Historia, Mila na Desturi za Wagogo, iliyochapishwa mwaka 1954, imesimama juu ya masimulizi ya wazee kuhusu mambo mengi ambayo mwandishi hakuyashuhudia. Kuyatupa kwa kuwa ni ya kuambiwa kungekuwa kuipoteza historia yenyewe. Hata aliyeokoka alipata kwanza kulisikia jina la Mungu kinywani mwa mtu mwingine.

Wahenga hawakuagiza kwamba akili ya kuambiwa itupwe. Waliagiza ichanganywe na ya kwako. Historia ya Ugogo yaonyesha kuwa kila kizazi kililazimika kuufanya mchanganyiko huo upya, kwa kuwa waliotangulia waliweza kukirithisha maneno yao, lakini si yale yaliyowapata.