Kutoka Sanaa za Wakaguru hadi Tuseme: Penina Mlama na Elimu kwa Njia ya Sanaa

Historia ya fasihi ya Kiswahili humtambua Penina Muhando Mlama kwa tamthilia zake, zikiwamo Hatia (1972), Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984). Mchango wake katika elimu hujadiliwa kando, kana kwamba ni kazi ya mtu mwingine. Makala hii inadai kwamba pande hizo mbili zina chimbuko moja, na kwamba watunga sera wanapaswa kulifahamu.

Chimbuko hilo ni tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyochunguza sanaa za maonyesho za Wakaguru kama asasi ya kufundishia. Kwa mtazamo huo, ngoma na masimulizi ya jadi si burudani tu, bali ni njia ya kurithisha maarifa na maadili. Katika miaka hiyohiyo, yeye na wenzake, akiwamo Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, ambao waliyabainisha matatizo yao, wakayaigiza na kuyajadili.

Mwaka 1996 mbinu hiyo iliingia katika shule za sekondari kupitia mradi wa Tuseme. Wasichana walibainisha vikwazo vya masomo yao, wakachambua vyanzo vyake, wakatunga maigizo na kuyaonyesha mbele ya walimu na jamii, kisha wakapendekeza hatua za kuchukuliwa. Baadaye Mlama aliiongoza FAWE, yenye makao yake Nairobi, ambayo imeieneza Tuseme katika nchi mbalimbali za Afrika.

Hata hivyo, Tuseme haikuirudia jadi ilivyokuwa. Katika unyago, wakubwa hufunza na mwali husikiliza. Katika Tuseme, binti husema na wakubwa husikiliza. Ugeuzaji huo ndio kiini cha mbinu hii, na ndio unaopotea pale inapochukuliwa kuwa shughuli ya klabu ya jioni inayotegemea mfadhili na mwalimu mmoja mwenye moyo. Msichana aliyetaja udhalilishaji hadharani asipate jibu huachwa katika hatari zaidi.

Kwa hiyo, sera ziingize mbinu hii katika mafunzo ya ualimu, ziitengee muda katika ratiba, na ziulazimu uongozi wa shule kujibu kwa maandishi hoja zinazotolewa jukwaani.